Wawili Barabarani: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Gari-Nyumba

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wawili wawili: mke na mume wanaoishi ndani ya gari-nyumba, au wanaojiandaa kuhamia humo. Tumechagua zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi, na tumejibu kwa vipimo kila ilipowezekana. Ndani ya gari la kuishi kila kitu kina kikomo chake, na ugomvi mwingi huanzia pale mmoja anapokijua kikomo hicho na mwenzake hakijui.

SWALI: Tunakaribia kununua gari-nyumba la tani tatu na nusu. Muuzaji anasema kwa watu wawili nafasi ni ya kumwaga. Mume wangu anataka kubeba baiskeli mbili za umeme, sanduku la spana na jenereta. Mimi naomba cherehani yangu tu. Tutajuaje kama gari litahimili? – Mama Cherehani

JIBU: Dada yetu, nafasi na uzito havina undugu. Kabati linaweza kuwa tupu kabisa huku gari limeshazidi uzito. Fungueni mlango wa dereva au boneti, mtafute kibati chenye tarakimu za kilo. Kwa kawaida ya kwanza ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa gari likiwa limejaa, ya pili ni uzito huo pamoja na tela, na mbili za chini ni kikomo cha ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele na cha ekseli ya nyuma. Kisha muulizeni muuzaji uzito wa gari tupu, na msiishie hapo: mwulizeni “tupu” yake ina nini ndani. Mara nyingi tarakimu hiyo huwa na dereva wa kilo 75 na dizeli karibu tangi zima, lakini maji kidogo tu. Turubai la kivuli lililofungwa ubavuni, paneli za sola na betri ya pili iliyoongezwa baadaye huwa havimo.

Tuchukue mfano. Gari linaruhusiwa kilo 3,500, na tupu, dereva akiwemo, lina 3,050. Zinabaki 450. Mwenza wa dereva, 70. Maji lita 100, kilo 100, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi miwili ya gesi ya chuma, ile ya kilo 11, ikijaa pamoja na chuma chake inakaribia 50. Baiskeli mbili za umeme pamoja na kibebeo chake, 65. Turubai, 35. Tumeshafika 320, na bado hatujagusa nguo, sufuria, chakula, matandiko, viti, meza wala spana hata moja. Vyote hivyo vigombanie kilo 130. Cherehani ya umeme ya kawaida ina kilo kama 7 hadi 10, kwa hiyo yako inaingia bila shida. Kinachohitaji mjadala ni jenereta, na sanduku la spana lipunguzwe hadi zile zinazofungua nati zilizomo ndani ya gari hilo na si nyingine.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni ekseli ya nyuma. Mzigo unaoning'inia nyuma ya gari hufanya kazi kama pembea. Kilo 65 za baiskeli zikiwa mita 2.5 nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 4 kati ya ekseli na ekseli, zinaibebesha ekseli ya nyuma kilo kama 106, na kuipunguzia ya mbele kama 41. Unaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado ukawa umezidisha ekseli. Dalili zake ni usukani kuwa mwepesi, magurudumu ya mbele kuteleza kwenye majani mabichi, na tairi za nyuma kupata moto.

Njia ya kujua kwa hakika ni mizani ya malori. Pakieni kila kitu kama mnavyoishi, jazeni maji, wote wawili mkae ndani. Pimeni magurudumu ya mbele peke yake, halafu gari zima, halafu ya nyuma peke yake. Karatasi ya mizani muiweke kwenye kabrasha la gari, kwa kuwa mtaihitaji kila mnapojaza upepo: mtengenezaji wa tairi ana jedwali la upepo kulingana na uzito wa ekseli, na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake tu.

Na kabla ya kulipa, vueni viatu mlale kitandani wote wawili kwa robo saa. Halafu yule wa upande wa ukutani ainuke aende chooni kama vile ni usiku. Kama ni lazima amkanyage mwenzake, hesabuni mara ngapi jambo hilo litatokea kwa mwaka, ndipo mwamue. Kitanda kinachofikika pande zote mbili kinakula nafasi ya kabati, lakini wengi wanaoishi humo moja kwa moja hawajutii kubadilishana hivyo.

SWALI: Tuna betri moja ya asidi ya ampea-saa 100 na paneli ya wati 100. Sote wawili tunafanya kazi kwa kompyuta. Kila ikifika saa tisa usiku friji inazima. Fundi ametushauri tununue inveta kubwa. – Wa Gizani

JIBU: Msinunue. Inveta haizalishi umeme, hubadilisha tu ule wa betri kuwa wa nyumbani, na hata ikiwashwa bila kazi inaula. Tatizo lenu ni la mapato na matumizi.

Tuhesabu kwa ampea-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri. Friji ya kompresa inakula kama ampea-saa 40 kwa siku, na siku ya joto kali zaidi. Kompyuta mbili za wati 50, kila moja saa 5, ni wati-saa 500. Ukizigawa kwa volti 12 za betri na kujumlisha kinachopotea ndani ya inveta ni kama ampea-saa 46. Taa za LED 4, pampu ya maji 2, simu na ruta ya intaneti kama 8. Jumla 100. Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ya ampea-saa 100 inawapa 50. Paneli ya wati 100 iliyolala bapa juu ya paa, siku ya jua zuri, inaingiza 25 hivi. Matumizi 100, mapato 25, akiba 50. Ndiyo maana umeme unaisha saa tisa usiku, mapema kidogo au kuchelewa kidogo.

Anzeni na visivyogharimu kitu. Chajini kompyuta mchana jua likiwa juu, na mtumie chaja inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 badala ya kupitia inveta. Hapo mnaokoa kama sehemu moja ya kumi ya umeme wa kompyuta. Friji ipate hewa nyuma yake, maana likizibwa kompresa haipumziki.

Kisha ongezeni mapato. Kwa matumizi yenu, paneli za wati 400 na betri ya lithiamu ya ampea-saa 200 zinatosha, kwani lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80 na zaidi bila kuiumiza. Lakini lithiamu ina miiko miwili. Haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana seli zake huharibika moja kwa moja, kwa hiyo ikae ndani ya gari na iwe na kidhibiti kinachokata chaji baridi ikizidi. Pili, msiiunganishe na alteneta (mashine ya injini inayozalisha umeme) kwa relei, swichi ya umeme, ile ya zamani. Lithiamu huvuta umeme kwa pupa hadi alteneta inapata moto, na magari mapya yana alteneta zinazoshusha volti ili kuokoa mafuta, kwa hiyo betri haijai. Dawa ni chaja ya betri-kwa-betri, inayochaji betri ya nyumba kutoka ya injini kwa kipimo. Ya ampea 30 huingiza kama ampea-saa 60 kwa mwendo wa saa mbili, na siku za mawingu ndiyo itakayowaokoa.

Mkija kuhitaji inveta kweli, angalieni waya. Inveta ya wati 2,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta zaidi ya ampea 170 kutoka betri ya volti 12. Waya mwembamba hapo unageuka kuwa jiko. Waya uwe mfupi, mnene kama maelekezo ya inveta yanavyotaka, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Betri yenu ya sasa huenda imeshachoka. Ichajini ijae, ikateni na kila kitu, iacheni saa kadhaa, kisha pimeni. Volti 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu. Ikijaa kisha ikashuka chini ya 12.4 kwa usiku mmoja bila kazi yoyote, salfeti (chumvi ya risasi) imeshaganda kwenye mabamba yake, na paneli hata kumi hazitairudisha.

SWALI: Friji letu ni lile la gesi lisilo na kompresa. Tukiwa mwendoni linapoza, tukiegesha siku mbili maziwa yanachacha. Mume wangu anailaumu gesi. – Mwenye Maziwa

JIBU: Chukueni pimamaji, muiweke sakafuni mwa friji, kwanza kwa upana kisha kwa kina. Friji la aina hii halina pampu: mchanganyiko wa amonia na maji huchemshwa, hupanda, kisha hurudi chini kwa uzito wake wenyewe kupitia mabomba yenye mteremko mdogo. Gari likiegeshwa upande, maji yale hutuama mahali pamoja na mzunguko hukatika. Mwendoni mtikisiko huyasukuma, ndiyo maana huko linapoza. Mafriji mengi hayavumilii zaidi ya nyuzi 3 za kuinama, na kuliwasha kwa siku nyingi likiwa limeinama huliua, kwa sababu sehemu inayochemka hupata moto mno na chembe hugandamana ndani ya mabomba. Wekeni kabari chini ya tairi hadi povu la pimamaji likae kati. Miguu ya kusimamisha gari isitumike kuliinua. Kazi yake ni kuzuia kutikisika tu.

Ikiwa gari liko sawa na bado halipozi, fungueni kidirisha cha nje. Moto wa gesi uwe wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano, mara nyingi kutu ya bomba la moshi imedondokea kwenye kichomeo. Mkinusa harufu kali inayochoma pua kama mkojo uliolala, au mkaona madoa ya njano kwenye mabomba ya nyuma, amonia inavuja: zimeni, fungueni madirisha, na friji hilo msiliwashe tena.

SWALI: Asubuhi za baridi jiko linakataa kuwaka ingawa mtungi ni mzito. Je, regyuleta imekufa? – Chai Imechelewa

JIBU: Angalieni kwanza mmejaziwa gesi gani. Butani huacha kuchemka ikikaribia nyuzi sifuri, hivyo inabaki kimiminika chini ya mtungi na haipandi. Propani huendelea kuchemka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Sehemu za baridi jazeni propani. Kamwe msiupashe mtungi joto kwa moto wala maji yanayochemka.

Kwa kuwa mmegusa gesi, tuongeze hili kwa wote. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hushuka sakafuni. Ndiyo maana chini ya jiko na ndani ya kabati la mitungi kuna matundu yanayotazama barabara. Msiyafunike kwa zulia wala kuyaziba kwa sababu ya upepo au panya, wekeni wavu. Kengele ya gesi ifungwe karibu na sakafu. Ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto, ni kifaa kingine, nayo ifungwe kwa urefu unaotajwa kwenye maelekezo yake, na wote wawili mbonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Jiko lisitumike kupasha gari joto mkiwa mmelala, hata baridi iwe ya namna gani. Na valvu ya mtungi kila mmoja wenu aweze kuifunga gizani, kwa mkono, bila kuuliza ipo wapi.

SWALI: Chini ya godoro kuna ukungu mweusi na asubuhi madirisha yanatiririka. Gari ni la miaka 9. Paa linavuja au ni pumzi zetu? – Tumelowa

JIBU: Huenda ni vyote viwili, na lazima mvitenganishe kwanza, kwa sababu tiba ya kimoja haigusi kingine.

Watu wawili wakilala hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho. Gesi mnayopikia nayo hutoa maji: kila kilo ya propani inayoungua hutoa kilo 1.6 za mvuke. Maji hayo hutafuta kitu cha baridi. Kioo ndicho cha kwanza, na ubao ulio chini ya godoro ni wa pili, kwa kuwa joto la miili halifiki huko na hewa haipiti. Basi madirisha yasifungwe yote. Tundu la paa liache wazi vidole viwili, na dirisha la upande wa pili hivyo hivyo, hata usiku wa baridi. Joto kidogo litapotea, lakini hewa kavu hupashwa kwa urahisi kuliko hewa yenye maji. Mkipika funikeni sufuria na mfungue tundu lililo juu ya jiko. Nguo mbichi zisianikwe ndani. Godoro likae juu ya chaga badala ya ubao mzima, na kila asubuhi mliinue upande mmoja lipigwe hewa saa moja. Ukungu uliopo ufuteni kwa kitambaa kibichi, msiufagie ukiwa mkavu, maana vumbi lake mtalivuta kifuani.

Maji ya paa yana tabia nyingine. Hutokea baada ya mvua, mahali pale pale, na huacha doa lenye ukingo wa kahawia. Bonyezeni kuta kwa kidole gumba kuzunguka madirisha, kwenye kona za juu, na chini ya kila tundu la paa. Ukuta mzima ni mgumu. Uliooza hunywea kama kadibodi iliyonyeshewa. Kipima unyevu kikisoma asilimia 20 au zaidi sehemu moja huku kuta nyingine zikiwa chini ya 15, mmeshapata. Lakini msizibe hapo mnapoona doa, kwani maji hutembea ndani ya ukuta, na yanapoingilia panaweza kuwa mita nzima juu zaidi. Pandeni juu mkague kila mshono na kila skrubu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni silikoni. Mtu anaona ufa, anapaka silikoni ya bafuni juu ya gundi ya zamani, na mwaka unaofuata inabanduka kama ngozi. Mbaya zaidi, mabaki yake hayakubali gundi nyingine yoyote. Kwanguweni ya zamani yote kwa kipande cha plastiki, safisheni kwa spiriti, chini ya ukanda wa chuma wekeni mkanda wa butili (mpira unaonata), na juu ya paa tumieni gundi ya kuzibia iliyotengenezwa kwa magari haya. Na ukuta ukauke kwanza. Ukiziba maji ndani, mbao zinaendelea kuoza bila nyinyi kuona.

SWALI: Kaseti ya choo, lile tangi la uchafu la kuchomoa, inajaa kila baada ya siku mbili. Je, ni mbovu? Harufu nayo imetushinda. – Jina Tunalo

JIBU: Si mbovu. Kaseti nyingi ni za lita 17 hadi 20, na watu wawili pamoja na maji ya kusuuzia hufika hapo kwa siku mbili au tatu. Punguzeni maji ya kusuuzia, na mkiweza nendeni haja ndogo kwenye vyoo vya kambini.

Harufu mara nyingi hutoka kwenye mpira wa kifuniko cha kuteleza. Usafisheni na muupake silikoni ya kulainishia. Mafuta ya kupikia na ya kujipaka huufanya uvimbe na kupasuka. Kila mkimwaga, rudishieni lita mbili za maji safi pamoja na kipimo cha dawa, ili uchafu usigandame. Dawa ya klorini msiitie humo kamwe: inakula mipira, na ikikutana na mkojo hutoa gesi inayoumiza mapafu. Wakati wa kumwaga bonyezeni kile kitufe cha hewa, la sivyo inaguguma na kuwarukia. Mwagieni mahali palipotengwa tu, kamwe si mtoni wala porini. Na mpira wa kusuuzia kaseti uwe na rangi yake, usilale kabati moja na mpira wa maji ya kunywa.

SWALI: Maji ya tangi yana harufu ya kinamasi. – Wa Bomba

JIBU: Toeni chujio. Kwa kila lita 100 za tangi, changanyeni mililita 100 za dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 5, isiyo na manukato, katika ndoo ya maji, mmimine tangini, kisha jazeni hadi juu. Fungueni kila bomba, la moto na la baridi, hata la kuogea, hadi mnuse klorini. Acheni saa 12. Mwageni, suuzeni mara mbili au tatu hadi harufu iishe, rudisheni chujio jipya. Siki ya kuondolea magadi itumike siku nyingine kabisa; ikichanganyika na klorini hutoa gesi ya sumu.

SWALI: Kila tukiegesha kinyumenyume tunagombana mbele za watu. Mimi namwelekeza, yeye anasema hanielewi, juzi ametugongesha tawi. Na ni yeye tu anayeendesha. – Utingo Asiye na Shukrani

JIBU: Utingo, kosa huanza kabla gia ya rivasi haijaingia. Wote wawili shukeni, mzunguke mahali hapo kwa miguu. Tazameni chini, halafu inueni macho: matawi, waya, ukingo wa paa. Urefu wa gari lenu kwenda juu, pamoja na tundu la paa na kila kilichofungwa huko, uandikwe kwenye karatasi na ubandikwe mbele ya dereva, kwa sentimita.

Simama nyuma, upande wa dereva, mahali ambapo unauona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Usipouona, naye hakuoni. Sheria ni moja, na dereva ndiye anayeibeba: ukitoweka kwenye kioo, gari linasimama papo hapo, bila swali. Acheni maneno “kushoto” na “kulia”, maana mnaangaliana na kushoto kwako ni kulia kwake. Semeni “upande wa dereva” na “upande wa mlango”. Ishara ziwe nne tu: mikono miwili ikivuta ni “njoo”; mkono mmoja umenyooshwa ni “peleka mkia upande huo”; viganja viwili vikikaribiana ni umbali uliobaki; ngumi mbili juu ni “simama”. Kama kuna kelele pigianeni simu muache ikiwa wazi.

Jihadharini na mkia mrefu pia. Sehemu ya gari iliyo nyuma ya ekseli hupunga nje unapokata kona: ukikata kulia, mkia unatoka kushoto. Kwenye kituo cha mafuta hapo ndipo bodi hukutana na nguzo. Nendeni mbele nusu mita au zaidi, moja kwa moja, kabla ya kuanza kukata.

Na hilo la kuendesha mtu mmoja lisiendelee. Siku mwenzako akishikwa na homa kali mahali pasipo na hospitali, gari ni nyumba yenu na pia ndilo la kumfikisha. Hakikisha leseni yako na bima vinaruhusu, kisha anza kwenye uwanja mtupu: chupa nne za maji ziwe nguzo, egesha kati yake mara kumi, mumeo akiwa nje anakuelekeza. Kubadilishana huko kunaponya mengi, kwa kuwa kila mmoja anaona ugumu wa nafasi ya mwenzake. Kwenye mteremko mrefu shusha gia kabla ya kuanza kushuka, iache injini ilizuie gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi. Zikishikiliwa mfululizo zinapata moto, na mafuta ya breki yenye maji ndani yanachemka. Hapo pedali inazama. Badilisheni mafuta hayo kila miaka miwili.

SWALI: Usiku, mabomba yote yamefungwa, pampu inanguruma sekunde moja kisha inanyamaza, kila baada ya dakika kadhaa. Mke wangu halali. – Pampu na Mimi

JIBU: Presha inashuka mahali fulani. Fungeni pampu kwa swichi, pangusa kila kiungo kikauke, zungushieni kipande cha karatasi ya chooni, washeni pampu, rudini baada ya nusu saa na tochi. Karatasi iliyolowa itawaonyesha, na mara nyingi ni klipu iliyolegea kwa mtikisiko wa barabara au kiungo cha nyuma ya hita ya maji. Karatasi zote zikiwa kavu, maji yanarudi tangini kupitia valvu ya ndani ya pampu. Toeni chujio dogo lililo mbele yake, mlioshe. Chembe ya mchanga inatosha kuizuia valvu isifunge. Hadi mtengeneze, zimeni pampu kila mnapolala na kila mnapotoka kwenda matembezini, maana klipu hiyo ikichomoka mkiwa mbali, tangi zima litahamia chini ya sakafu.